Unataka kwenda Rubondo? Anza na boti

Nikiweka tu picha za Rubondo naulizwa yaleyale, bei gani na sokwe wanaonekana? Boti hakuna anayeuliza, na boti ndo safari yenyewe. Kile ni kisiwa, kipo kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu 1977, hakuna kijiji, hakuna bodaboda, ukishashushwa Kageye, makao makuu ya hifadhi, umeshafika na hapo ndo upo mpaka boti ikurudishe. Kwa hiyo piga simu hifadhini kwanza, ujue boti ipo lini na inabeba wangapi, afu ndo uombe likizo kazini. Wengi wanafanya kinyume, wanakata tiketi ya basi kwanza, wanafika kule wako wawili wanalazimika kukodi boti nzima. Tafuta wenzako mchange, gharama inashuka sana.

Ukitokea Mwanza una njia mbili. Kuna Nkome huku Geita, barabarani ni karibu ila majini ni masaa mawili hivi, na kuna Kasenda, karibu na Muganza wilaya ya Chato, unakaa kwenye gari mpaka mgongo ulalamike lakini majini ni kama nusu saa. Mimi Kasenda, sibishani na mawimbi. Siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa (2025) kwa hiyo ile foleni ya kivuko imebaki hadithi. Ndege ndogo zinatua kisiwani pia, kama mfuko unaruhusu.

Halafu acha siku moja wazi mwishoni. Ziwa likichafuka nahodha haondoki, na usimbembeleze, kama una kikao kesho yake asubuhi hilo ni la kwako.

Chakula beba chote kutoka bara: mchele, unga, mafuta, nyanya, vitunguu, chumvi. Hakuna soko wala mama lishe wa kukuokoa. Dawa zako, dawa ya mbu, tochi, powabanki. Kitambulisho cha NIDA usisahau maana bei ya Mtanzania na ya mgeni ni mbingu na ardhi, na malipo ni kwa kontroli namba sio keshi, lipia ukiwa bado una mtandao wa uhakika.

Sasa sokwe. Hawa sio wenyeji wa kisiwa, waliletwa kati ya 1966 na 1969 na Bernhard Grzimek, yule mhifadhi wa Kijerumani aliyejulikana kwa Serengeti, walikuwa 17, wengi walikuwa wameishi kwenye zuu na sarakasi za Ulaya, wakaachiwa tu msituni na wakajifunza wenyewe kula na kulala juu ya miti. Wa leo ni vizazi vyao, ni wa porini kabisa, na msitu ni mnene. Unaweza kutembea asubuhi nzima ukasikia kelele tu. Ukienda kwa ajili ya sokwe peke yake utarudi umenuna. Mimi naona uhondo wa Rubondo ni nzohe (swala wa majimaji) kwenye matete alfajiri, fisi maji, furukombe (tai wala samaki) kila kona, na kutembea kwa miguu sababu simba na chui hawapo. Ila tembo wapo, kwa hiyo bila askari hutembei. Na kuogelea sahau, maji yanavutia kweli lakini mamba na viboko wapo.

Kama una wikiendi tu, usijitese, nenda kisiwa cha Saanane palepale Mwanza mjini, boti ni dakika chache. Enzi hizo wanyama wa kupelekwa Rubondo walikuwa wanahifadhiwa hapo kwanza, na jioni unarudi kula sato wako mjini.