Mama anataka dripu kila akichoka

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 71. Kila akijisikia mchovu ananiambia nimpeleke akatundikiwe dripu, anasema ndiyo inayomrudishia nguvu. Yale maji yana nini hasa? – Kitinda mimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dripu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji, basi. Ile ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita, kama vijiko 12 vya chai. Mlo mmoja wa kawaida unampa nguvu zaidi ya hapo. Nafuu anayoisikia inaweza kuwa ya kweli, maana wazee wengi hawasikii kiu na hukaukiwa maji bila kujua. Hilo linatibiwa kwa kikombe cha maji ya kunywa.

Gramu hizo 9 hazikuwekwa kwa kubahatisha. Nikiwa mwanafunzi, mwalimu alidondoshea damu vichupa viwili mbele yetu. Kwenye maji matupu chembe nyekundu zilivimba zikapasuka. Kichupa kikawa chekundu kinachoangaza, ungeweza kusoma maandishi kupitia humo. Kwenye maji ya chumvi ya kipimo hicho damu ilibaki na ukungu wake, kisha chembe zikatuama chini, nzima. Tangu siku ile siwezi kumvumilia mtu akisema dripu ni maji tu.

Kwa mama yako nahofia umri. Moyo au figo zikiwa dhaifu, maji ya ziada huishia mapafuni. Niliwahi kumkuta mzee usiku, dripu imeachwa ikimbie, ameketi ameshika reli ya kitanda, anahema, hawezi kulala chali. Tuliifunga papo hapo, akapewa dawa ya kukojoza. Alipona, lakini dripu yenyewe hakuwa akiihitaji.

Anayeihitaji ni yule anayetapika kila anachokunywa, au aliyepoteza maji mengi hadi analegea. Anayeharisha na bado anaweza kunywa, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pakiti ya lita 1 kwa lita 1 kamili. Sukari iliyomo huisaidia chumvi kupenya utumbo, na maji yakafuata.

Mama mpeleke, ila mwambie daktari amechoka, usimwambie anataka dripu. Apimwe wingi wa damu, sukari, presha na figo. Kama ana kisukari asichokijua, dripu ya glukosi itampandisha sukari. Na ubebe vidonge vyote anavyomeza, hata alivyojinunulia mwenyewe.