Rangi ya Gari Imechakaa: Kung'arisha au Kupaka Upya?

Safu hii wiki hii ni ya rangi ya gari peke yake. Maswali yaliyoletwa yanafanana, ila majibu hayafanani, kwa sababu rangi iliyopauka na rangi iliyoachia ni vitu viwili tofauti.

SWALI: Gari langu ni jekundu na limezeeka kidogo. Boneti, paa na buti vimepauka mpaka vinaelekea waridi, nikipitisha kidole kinatoka na unga mwekundu. Milango bado iko vizuri. Fundi anasema dawa ni kupaka gari zima. Hakuna njia nyingine?

JIBU: Ipo, na kwa dalili ulizotaja, ijaribu kabla hujamlipa mtu. Unga huo ni ngozi ya juu ya rangi iliyoliwa na jua. Kwa kuwa unatoka wenye rangi, huenda gari lako lina rangi ya tabaka moja, yaani rangi na mng'ao vimo pamoja bila klia, lile tabaka angavu la kinga, juu yake. Hakikisha hivi: osha sehemu ndogo ya boneti, weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua. Kitambaa kikiwa chekundu, ni tabaka moja. Kikitoka na uchafu tu, kuna klia. Rangi ya tabaka moja ndiyo inayorudi vizuri kuliko zote, maana chini ya ule upaukaji kuna rangi ileile, nzima.

Fanyia kivulini, bati likiwa limepoa. Osha kwa shampuu ya gari, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi (bonge laini la dukani linalonasa uchafu) huku ukilowesha kwa maji yenye shampuu, mpaka kiganja kipite bila kusikia chenga. Udongo ukianguka chini utupe, umeshaokota mchanga na utakwaruza. Funika kwa utepe wa karatasi kingo zote, mipira ya vioo na plastiki nyeusi. Kompaundi, yaani dawa nzito ya kusugulia rangi, ikikauka kwenye plastiki isiyopakwa rangi huacha weupe mgumu kutoka.

Mashine ya kung'arishia inayofaa asiyezoea ni ile ambayo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja. Weka matone manne ya kompaundi, kila moja saizi ya punje ya kunde, na fanya eneo la sentimita 50 kwa 50 tu kwa mara moja. Sambaza kwa mwendo mdogo, kisha panda mpaka namba 4 au 5 kwenye mashine ya namba 6. Pita mara nne hadi sita, polepole, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, mulika kwa tochi ukiwa umeilaza pembeni, ndipo uamue kama panahitaji kurudiwa.

Hapa ndipo wengi hukwama kwenye rangi ya tabaka moja: pedi hujaa rangi iliyokufa baada ya maeneo mawili matatu. Pedi iliyojaa haikati tena. Inapata moto, inapaka matope juu ya bati, na mtu anadhani kompaundi ni mbovu. Isugue kwa brashi kila umalizapo eneo, na uwe na pedi tatu au zaidi kwa boneti peke yake. Ukimaliza kompaundi, rudia kwa pedi laini na polishi ya kumalizia. Siku hiyohiyo paka nta, kwa sababu rangi uliyoifungua haina kinga yoyote na itaanza kupauka tena. Gari linalolala nje lipate nta kila miezi miwili au mitatu. Ukiona kijivu cha praima (rangi ya msingi iliyo chini) kinachungulia, simama hapohapo. Hiyo sehemu haina rangi tena ya kung'arisha.

SWALI: Langu ni la rangi ya fedha. Paa lina mabaka meupe, kingo zake zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Nilipiga kompaundi, mabaka yakapanuka. Je, nikipuliza klia juu yake itashika?

JIBU: Haitashika, na tunakuomba usitumie fedha zako huko. Hayo mabaka ni klia iliyoachia. Rangi ya kiwandani yote kwa pamoja huwa na unene wa takriban maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 100 hadi 140, na klia ndani yake ni kama 35 hadi 50 tu. Jua likishaivunja mpaka ikaachana na rangi ya chini, hakuna chupa ya dukani itakayoiunganisha. Kompaundi ilichofanya ni kubandua kilichokuwa kinaning'inia. Ukipuliza klia mpya juu ya kingo hizo, itang'oka pamoja na ile ya zamani, na duara la kila baka litaonekana kwa chini.

Kipimo ni ukucha. Sehemu yenye ukungu lakini laini bado ina klia hai, na hiyo hung'arishwa. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, imekufa.

Hata hivyo, paa likifa haina maana gari zima limekufa. Paa na boneti hupigwa na jua moja kwa moja, milango hupona. Kwa hiyo paka vilivyokufa, ng'arisha vilivyo hai. Fundi anayejua atapiga msasa namba 320 paa zima mpaka kingo za klia zisisikike kwa kidole, atapaka praima penye bati tupu, atamalizia praima kwa 600, kisha rangi mikono miwili au mitatu myembamba. Kila mkono unasubiri mpaka ule wa kwanza ufifie kabisa, mara nyingi dakika 10 hadi 15, ndipo klia mikono miwili. Akiharakisha, tina (kiyeyushi cha rangi) inayotaka kutoka inanaswa chini ya klia na kutoboa vitundu vidogo kama vya sindano. Hilo haliondoki kwa polishi.

Rangi ya fedha ina chembe za metali, na namna zinavyolala hutegemea presha na umbali wa bunduki. Ndiyo maana mlango mmoja uliopakwa peke yake huonekana tofauti hata kama namba ya rangi ni sahihi. Kwa milango na mudigadi, fundi lazima afifishe rangi mpya kuingia kipande cha jirani, kisha apige klia kipande hicho chote. Paa lina bahati: mara nyingi lina mipaka yake, tofauti haionekani sana.

Usijaribu klia yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha, nyumbani. Hadina hizo zina kemikali ziitwazo aisosianeti, ambazo huweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haizizuii.

SWALI: Fundi wangu alipiga mashine, kwenye mstari wa boneti rangi ikaisha. Kwa nini pale tu?

JIBU: Kwenye mikunjo na kingo rangi hukaa nyembamba, na pedi hukandamiza uzito wote kwenye mstari mmoja. Mashine ya mzunguko mtupu hupandisha joto pale kwa sekunde chache. Kingo hufunikwa kwa utepe, kisha humaliziwa kwa mkono. Sasa hapo dawa ni kupaka rangi upya tu.

SWALI: Nimeamua kupaka gari zima. Nimwulize nini fundi kabla ya kukubaliana?

JIBU: Kwanza mwulize atafungua nini. Taa, vishikio vya milango, nembo na mipira ya vioo visipofunguliwa, rangi itaishia kwenye utepe na kuanza kubanduka kuanzia hapo. Pili, mafuta na nta vitaondolewa kwa dawa gani kabla ya msasa, si baada yake tu. Silikoni iliyobaki hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo, vijicho vya samaki. Tatu, bampa za plastiki zitapewa praima ya plastiki? Bila hiyo, rangi hutoka kama karatasi.

Palipo na malengelenge, mwambie apachimbe mbele yako. Hiyo ni kutu inayotoka ndani. Ikifunikwa kwa pati itarudi.

Na jambo ambalo wauzaji wa rangi mpya hawalitaji: kiwandani bodi tupu huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Gari lililokamilika, lenye nyaya na plastiki, chumba cha rangi huliweka karibu na nyuzi 60, hivyo rangi yake haikauki kwa namna ileile ya kiwandani. Ndiyo maana palipo na rangi ya kiwandani iliyo hai, sisi tunaipigania.

SWALI: Nimetoka kupaka. Nta lini?

JIBU: Fuata karatasi ya klia iliyotumika, nyingi hutaka siku 30 hadi 90, kwa kuwa tina iliyobaki bado inatoka na nta huifungia ndani. Katika muda huo osha kwa mkono, maji mengi na shampuu laini, na kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo kwa kukilowesha kwanza.