Kamera ya baba mdogo

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Marehemu baba mdogo alikuwa mpiga picha wa gazeti miaka ya 1980, na ametuachia Nikon FM2. Kitufe cha kupigia hakibonyezeki, na fundi kasema imekufa. Kwa nini aling'ang'ania hii wakati kamera za Nikon F3 na Leica zilikuwepo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kabla hujamwamini fundi, vuta nje kidogo ule mkono wa kusogezea mkanda (filamu). Ukilala kabisa kwenye mwili wa kamera, hufunga kitufe. Vuta, bonyeza, usikilize.

Ikilia bila betri, nusu ya jibu unayo. FM2 ilitoka 1982, na betri zake mbili ndogo ni za kipima mwanga tu. Shata, yaani pazia linalofunguka mwanga uingie, huendeshwa na springi. F3 ya 1980 niliipenda mno, lakini betri zikiisha inabaki na spidi moja ya dharura. Sasa uko kwenye ziara ya mkoani, betri zile ukazitafute duka gani?

Ila mimi naweka flashi mbele ya yote. Mkutano wa hadhara, saa saba mchana, jua la utosi, mgeni rasmi kavaa kofia pana. Piga bila flashi, kesho gazetini anatokea mtu asiye na macho. Ukiwasha flashi, F3 inakushusha hadi spidi ya shata ya 1/80 ya sekunde, na kwa filamu ya ISO 400, inayonasa mwanga haraka, jua lile linaunguza picha nzima. FM2 za kuanzia 1984 zinapokea flashi kwa 1/250: unabana tundu la lenzi hadi f/22, mwanga wa flashi unaingia chini ya ukingo wa kofia, uso unaonekana. Tazama gurudumu la spidi. Kama 250 ni nyekundu, unayo hiyo.

Leica kwa ukimya haina mpinzani, hasa mahakamani na msibani. Lakini dirisha lake halioni kupitia lenzi, na lenzi zake ndefu za kawaida ziliishia 135mm. Goli la upande wa pili Uwanja wa Taifa utalipataje? Kwetu lenzi ya 180mm ilikuwa moja: anayekwenda mpirani ndiye anayeibeba, na kila Nikon ya ofisi iliipokea.

Ukifungua mgongo, usiguse mapazia ya shata kwa kidole, ni membamba mno. Sponji nyeusi za pembeni zikiwa zinanata, zibadilishwe kabla hujatia mkanda, maana mwanga utapenya.