Kwa kaka wa Mbagala mwenye jiko la feni

Kaka, nimesoma ulichoandika, pamoja na hilo la kukosa usingizi wiki tatu. Ukonda, kubeba zege, mitumba soko la Karume, kumtafuta Mungu makanisa matatu na msikiti mmoja, na sasa unatengeneza majiko ya rimu za gari yenye feni ya kompyuta mbovu. Ndugu wanasema hujatulia. Mimi sioni hivyo. Nilipita njia hiyo kabla ya kushika uchomeleaji mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kila kibarua kilinipa kitu mkononi.

Nenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe uulizie utaratibu wa kupimwa ujuzi uliojifunzia mtaani. Ukifaulu unapata cheti bila kuanza upya darasani. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao husaidia wabunifu wadogo. Ila usiweke michoro ya feni yako mtandaoni, wala kupeleka jiko maonyesho ya Sabasaba, kabla ya kuwauliza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, maana kitu kikishatangazwa unaweza kukosa haki hiyo.

Usiache kibarua bado. Tengeneza majiko matano, wape mama lishe, kaa hapo uwaangalie wakipika. Jiko langu la kwanza lilikuwa na miguu mifupi, sufuria ya wali ikayumba, mama wa watu akaungua kiganja. Na ukitumia pipa lililobeba mafuta, usilikate kwa moto, linaweza kulipuka. Tafadhali sana.

Kuhusu Mungu, endelea kutafuta. Kiongozi wa dini anayetaka laki mbili akufungulie njia, muache. Lakini hilo la kukosa usingizi wiki tatu usilimalizie kwenye maombi tu, nenda hospitali ya karibu ukamwone daktari wa afya ya akili.