Maswali Yenu: Kusoma Afya Bila Koti Jeupe

Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Baiolojia niliiacha kidato cha nne. Naweza kusoma mambo ya afya chuoni?

Unaweza. Udaktari hapana, lakini sosholojia (taaluma ya jamii), historia na anthropolojia (taaluma ya watu na tamaduni zao) zina kozi zinazochunguza afya. Kabla ya kuomba, soma orodha ya kozi za mwaka wa pili na wa tatu. Jina la shahada linaweza kukuvutia, kumbe kozi ya afya ni moja tu, tena ya hiari.

Malaria ni mbu. Historia inaingiaje hapo?

Ni mbu, ndiyo, lakini nani kapangiwa kuishi karibu na dimbwi? Tazama Dar es Salaam. Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Waingereza nao wakaugawa mji: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kuitenga Kariakoo, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, eti Mwafrika ndiye mbeba malaria. Basi mwanafunzi akisoma barua za maofisa afya wa enzi hizo pale Nyaraka za Taifa, kisha akapita Oysterbay, mtaa wa wenye nacho, na Manzese, mtaa wa walalahoi, siku moja ya mvua, atajua kwa nini mtaa mmoja una mitaro na mwingine hauna. Mimi naamini hilo ni somo la afya sawasawa na darubini.

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa wanaanzia kwa mganga, wakija kwetu hali ni mbaya. Shahada ya namna hii, ya sosholojia au anthropolojia, itanisaidia?

Sana, hasa ukiacha kuuita uamuzi wao ujinga. Utajifunza kuuliza: nani nyumbani ndiye aliyeamua? Nauli ilitoka wapi? Hospitali za serikali zilianza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya matibabu ya bure. Mzee aliyerudishwa getini kwa kukosa pesa anakumbuka, na wanawe wamesimuliwa.

Bibi yangu ni mkunga wa jadi. Naweza kumhoji kwa ajili ya tasnifu?

Mhoji, ila uwe na kibali cha chuo, na uulize mapema kama utahitaji pia cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na bibi mwenyewe umwombe ruhusa, umweleze maneno yake yatakwenda wapi. Majina ya wazazi aliowazalisha usiyaandike.