Jibu: Kwa nini dafnia wangu wanakufa wote?

Mkuu, umesema uko Dar, ndoo ya lita 20 ipo kibarazani, kila asubuhi unatia kijiko cha hamira, na siku ya tatu maji yananuka na dafnia wote, hao wadudu wadogo wa maji tunaolisha samaki, wamelala chini. Hamira ndiyo inayowaua. Kijiko kizima ni kingi mno. Isiyoliwa inaoza na kumaliza oksijeni. Koroga punje chache kwenye kikombe cha maji, mimina mpaka ndoo iwe na ukungu kidogo tu, halafu usiongeze kitu hadi maji yatakate tena. Wakigeuka wekundu, ujue hewa imepungua: wanaongeza himoglobini ili wanase oksijeni kidogo iliyobaki. Mimi naona maji ya kijani yaliyokaa juani ni chakula bora kuliko hamira.

Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili, klorini itoke.

Hiyo pampu yako ya hewa, toa jiwe la hewa, lile la mwisho wa mrija linalotoa mapovu madogo. Mapovu hayo hunasa ndani ya gamba la dafnia, mdudu anaelea juu na hashuki tena. Mrija mtupu, mapovu makubwa, polepole.

Lakini tatizo lako la kudumu ni joto. Dafnia magna, aina kubwa ya dafnia, wanapenda nyuzi 20 hivi, na Dar ya Februari unaijua. Tafuta moina, ndugu wadogo wa dafnia: wana milimita moja hivi, wanastahimili hata nyuzi 30, na vifaranga wa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, wanawameza bila shida. Ukivuna, chota robo tu. Na funika ndoo kwa chandarua. Viluwiluwi vya mbu samaki watavifurahia, majirani hapana.