Mwongozo wa programu kila sura na fonti yake: mimi niliunyoosha hivi

Mkuu umesema mnaandika watu wanne mwongozo wa programu kwa LaTeX (mfumo wa kupanga kitabu kwa kuandika amri katikati ya maandishi), na kila ukitoa PDF amri za kompyuta sura hii zimekolezwa, sura ile zimelala, na maandishi ya kwenye michoro hayafanani na chochote, ukauliza ni fonti gani uchague ili kitabu kizima kifanane. Mimi nilirithi kitabu cha hivyo hivyo, kurasa mia mbili na kitu, na nilianza na swali hilo hilo lako, nikapoteza wiki nzima najaribu fonti moja baada ya nyingine na kitabu kikabaki vurugu vile vile, ila sasa vurugu yenye fonti nzuri.

Kabla hujachagua chochote, fungua teminali (lile dirisha la kuandikia kompyuta amri) uandike pdffonts halafu jina la PDF yako. Hako kaprogramu kanakuja na Poppler, furushi la zana za PDF, na kanakuorodheshea kila fonti iliyomo, aina yake, na kama imefungashwa ndani ya faili au la. Mimi nilipata 17, na sisi tulikuwa tunaapa ziko tatu! Usishtuke na idadi peke yake maana ya wima, ya mlalo na nzito kila moja inahesabiwa kivyake, na kama unatumia Computer Modern, ile fonti ya kawaida ya LaTeX aliyoibuni Knuth, ina faili tofauti kwa ukubwa tofauti kwa hiyo CMR10 na CMR7 ni ndugu wa tumbo moja. Zile herufi sita na alama ya kujumlisha mbele ya jina zinamaanisha zimefungashwa herufi zilizotumika tu, hazina neno. Wewe tafuta wageni. Unakuta DejaVuSans, unakuta ArialMT, na hakuna mtu kati yenu aliyewahi kuziita.

Wageni wangu karibu wote walipitia kwenye michoro. Grafu za matplotlib (maktaba ya Python ya kuchorea) usipoziambia kitu zinatoka na DejaVu Sans, na hiyo ndiyo hali tangu toleo la 2.0. Mchoro wa SVG (faili la mchoro wa mistari, si picha ya vidoti) nao kwa kawaida haubebi fonti yenyewe, umebeba jina tu, kwa hiyo ukifunguliwa kwenye mashine isiyo nayo inawekwa nyingine kimya kimya na hakuna anayekwambia. Nilichofanya ni kuandika faili moja ya mtindo inayosomwa na kila skripti ya grafu, ndani yake kuna jina la fonti na ukubwa, basi. Halafu kuna hili la ukubwa ambalo watu wanalipuuza sana: ukichora mchoro wa sentimita 20 ukaubana uingie kwenye sentimita 12, maandishi ya pointi 10 yanasomeka kama pointi 6, kwa hiyo hata kama fonti ni ile ile jicho linakataa. Chora kwa upana utakaotumika kwenye ukurasa, usibane.

Sasa kwenye maandishi yenyewe. Fungua faili zenu uone, nina uhakika mmoja anaandika \texttt (herufi za kodi) kwa jina la faili, mwingine \textbf (nzito), wa tatu \emph (mlalo), na wote wako sahihi kichwani mwao. Dawa yake ni kuacha kutaja umbo la herufi na kutaja kitu chenyewe. Nilitengeneza amri zangu kwa \newcommand, ambayo ndiyo ya kuundia amri mpya: \amri kwa amri ya teminali, \faili, \kitufe, \kigezo, zote ziko kwenye faili moja ya mwanzo, na nikapiga marufuku \texttt na \textbf kwenye sura. Siku bosi akiamua vitufe viwe na herufi nzito unabadili mstari mmoja. Kazi ngumu ni kuhamisha ya zamani, maana hakuna skripti itakayojua kwamba \textbf hii ni kitufe na ile ni mtu alikuwa anasisitiza tu, lazima usome, mimi ilinichukua siku tatu na macho yaliuma kweli.

Na usidhani ni urembo. Tulikuwa na sehemu mtu aliandika --help kwenye fonti ya kawaida bila kuiwekea amri yoyote, LaTeX ikaziunganisha zile dashi mbili zikawa kistari kimoja kirefu, wateja wakawa wanakopi na kupesti na programu inawatukana kwa makosa, wanatuandikia sisi eti programu mbovu. Alama za kunukuu nazo ndani ya kodi zinapinda, hiyo weka pakeji (nyongeza ya LaTeX) ya upquote. Ukichagua fonti ya kodi jaribu kwanza sifuri na O, moja na l ndogo, kama huzitofautishi kwenye karatasi achana nayo hata iwe nzuri vipi. Na kama mnatumia XeLaTeX au LuaLaTeX, yale matoleo ya LaTeX yanayosoma fonti za kompyuta yako, kwenye fontspec (pakeji yao ya kuchagulia fonti) weka Scale=MatchLowercase kwenye fonti ya kodi, kwa sababu pointi 10 ya fonti moja si sawa na pointi 10 ya nyingine machoni, DejaVu Sans Mono kwa mfano ina herufi ndogo ndefu kiasi kwamba kodi inaonekana inapiga kelele katikati ya sentensi.

Lililonitesa zaidi lakini ni seva inayotutolea PDF ya mwisho. Kwangu PDF safi, ikitengenezwa kwenye seva herufi zina ukungu ukikuza. Tulikuwa tumeweka usimbaji wa T1 (mpangilio wa herufi ndani ya fonti), mimi nina cm-super, furushi la fonti za mistari za T1, kwenye mashine yangu, seva haina, basi kule ikawa inatumia fonti za vidoti, kwenye pdffonts zinaonekana kama Type 3. Kuweka lmodern, pakeji ya fonti za Latin Modern zinazofanana na Computer Modern, kulimaliza kesi. (Grafu za matplotlib pia zinatoa Type 3 lakini zile si za vidoti, ukitaka ziondoke weka pdf.fonttype iwe 42.) Soma pia logi, faili la ripoti ambalo LaTeX inaliandika kila ikifanya kazi, ile onyo kwamba umbo fulani la fonti halipo limebadilishwa kila mtu analiruka, na ndiyo sababu majina ya amri kwenye vichwa vya sura hayakuwa mazito kama maneno mengine ya kichwa, cmtt, yaani fonti ya kodi ya Computer Modern, kwa kawaida haina nzito.

Siku hizi seva ikimaliza inaendesha pdffonts yenyewe inalinganisha na orodha ya majina tuliyoyakubali, likitokea jina geni au fonti haijafungashwa, kazi inakataliwa. Mwezi wa kwanza wenzangu walininunia.

Skrinshoti usihangaike nazo, ile ni picha ya programu yenyewe na msomaji anataka aone kile atakachokikuta kwenye skrini yake. Endesha pdffonts uweke orodha hapa tukuonyeshe wageni ni akina nani.